Saladi Niliyoiacha Izeeke

Kankindi, mjukuu wangu,

Jumapili tukitoka kanisani, Elda wa kule Gatete aliniambia bado ako na mbegu za saladi nilizomupa zamani. Sikujua nitazihitaji leo. Naenda kumuomba.

Chai iko kwenye termosi. Saladi ndogo usizing'oe: chuma majani ya nje tu, ya katikati uyaache, yataendelea kukua. Mwagilia jioni.

Ile ndefu yenye maua, uliyoing'oa asubuhi ukisema, "Bibi, hii imezeeka, inajaza nafasi bure," niliiacha makusudi itoe mbegu. Najua imezeeka! Hata mimi nimezeeka, angalia usinichanganye na magugu. Babu yako ndiye alileta mbegu zake toka Tanzania tuliporudi, amezifunga kwenye kitambaa. Tangu afariki, hakuna mwingine hapa nyumbani wa kula saladi na mimi. Sikuwahi kukuambia. Kosa si lako.

~~Nitarudi jioni.~~ Nitalala kwa Elda, miguu haitaweza kwenda na kurudi. Fungia kuku, ule, ulale. Mbegu nitaziweka chini ya kichwa, kama babu yako alivyofanya njiani, halafu na mimi nilale.

Bibi