Tarehe Aliyoibandika Wilibrodi

Chanji, Sumbawanga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini miguu imepata nafuu na baridi ya huko haijakuonea sana. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Nimeandika barua kwa sababu simu yako siku hizi anaishika mdogo wangu Wilibrodi, na haya nataka uyasome wewe kwanza.

Nimesikia huitikii tena salamu ya Mama Ngeleja mkikutana mashineni, ati mwanawe, bosi wetu, kamfukuza kazi Wilibrodi kwa wivu. Nimesikia pia umesema Wasukuma walikuja na ng'ombe wakamaliza majani, sasa wanamaliza watoto wa watu. Mama, nimeona aibu.

Unajua ofisini tunatengeneza mfumo endeshi, ule unaoamsha kompyuta na kuifanya ifanye kazi. Kila toleo tunalibandika tarehe, na tarehe hiyo si ya siku tulipolitengeneza, bali ya maandishi ya programu tuliyoyatumia. Wewe utanielewa haraka: ukisaga leo ulezi wa mwaka juzi, unga ni wa leo lakini ulezi ni wa mwaka juzi. Sisi tunaandika umri wa ulezi. Ngeleja hana mchezo na hilo, maana mteja akiiona tarehe anajua ni ubovu gani umeshaondolewa.

Toleo la zamani lilikuwa na ubovu mbaya. Umeme ukikatika, kumbukumbu zinafutika. Niliurekebisha mwenyewe, na Wilibrodi akapewa kazi ya kutengeneza toleo jipya kwa ajili ya zahanati moja ya Kizwite. Mwanao, bingwa wa njia za mkato, akatumia maandishi ya zamani yaliyokuwa tayari kwenye kompyuta yake, kisha akabandika tarehe ya siku ileile. Nesi wa pale anaitwa Fortunata. Alikuwa hauamini mfumo wetu mpaka alipoona tarehe mpya. Basi akaacha kuandika kwenye daftari.

Umeme ukakatika, kumbukumbu za dawa zote zikapotea. Wakaguzi wakasema kaiba dawa, kisha kafuta ushahidi. Alilala mahabusu, mama, na mtoto anayenyonya.

Ngeleja akatuuliza kama mfumo una kosa. Wilibrodi akajibu bila kupepesa macho kwamba tarehe inajieleza, nesi ni mwizi. Mimi nikalifungua lile toleo, nikaona maandishi ya zamani matupu. Nikamvuta mdogo wangu pembeni nikamwambia akakiri. Hakukana. Aliniambia hivi: "Dada, kwani Fortunata ni ndugu yetu?"

Siku zote nilijua ni mvivu. Sikujua ana roho ya namna hiyo, na iliniuma kuliko msiba.

Mama, aliyemchongea Wilibrodi si Ngeleja. Ni mimi. Nilikwenda kwa Ngeleja nikamwonyesha kila kitu. Na huyo Msukuma unayemnunia alimbembeleza mwanao aende zahanati akaseme ukweli, abaki na kazi yake. Wilibrodi akagoma, akatukana, akafukuzwa. Nikaenda zahanati mwenyewe.

Fortunata ametoka, lakini nafasi yake wamempa mwingine, na akipita Malangali watu bado wananong'ona. Hakuna aliyenishukuru, hata yeye. Kanisani tulifundishwa msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hawakutuambia nyumbani kwao anakuwa nani.

Wilibrodi anajua tangu mwanzo kuwa ni mimi. Amekaa jikoni kwako, anakula ugali wako, anakusikiliza ukimlaani mama wa watu, na amenyamaza. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Sitaki umfukuze, ni mwanao. Lakini kama huna budi kumlaani mtu, nilaani mimi. Jina langu unalijua, ulinipa wewe.

Wasalimie majirani, na shangazi mpe pole ya kifua. Mama Ngeleja mpelekee salamu zangu kwa mdomo wako mwenyewe.

Mwanao,
Agnesi