Simu ya Shimba

Mwanza, 4 Machi 2024

Dada Dorotea, shikamoo.

Nakusihi, haya yabaki kwako peke yako. Hata shemeji usimwonyeshe. Natumaini mafua ya watoto yameisha. Mimi mzima.

Sikupigii kwa sababu simu niliyonayo ni ya kiwanda hiki cha samaki. Meneja, Bwana Machibya, anataka nichague programu ya wafanyakazi kusomea vitabu kwenye simu zao, ielewane na ile inayopanga vitabu kwenye kompyuta ya ofisi. Nimepata mbili. Moja inafungua kitabu tu. Nahamisha kwa waya. Nyingine inavuta vitabu yenyewe, halafu inairudishia kompyuta habari: nani kasoma nini, kafika wapi. Meneja anaipenda hiyo. Na kitabu wanachokipenda wakata minofu ni cha sheria za kazi. Wewe unatunza maktaba ya shule, nishauri.

Mdogo wako, Luhende

Nansio, 15 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Watoto wamepona, ila mama miguu inamsumbua.

Chukua ya waya. Hiyo nyingine niliitoa shuleni mkuu alipoanza kuwahoji wasichana kwa nini wanasoma hadithi za mapenzi. Mwambie Machibya simu zao ni za zamani, haiingii. Danganya kidogo, mtoto wa kanisa wewe!

Dada yako

Mwanza, 2 Mei

Dada, shikamoo. Mama anaendeleaje?

Barua yako ilinikuta nimeshaweka ile ya meneja. Niliogopa kumkatalia. Tena, kwa uangalifu wangu, kila simu niliipa jina la mwenyewe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kumbe wakati wa chai wakata minofu wanasomea simu moja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza. Simu ni ya Shimba, mmoja wao, maana betri yake inadumu. Shimba mwenyewe kusoma kunamshinda, huwa anasinzia. Lakini kompyuta ikasema Shimba amemaliza sura ya vyama vya wafanyakazi.

"Kumbe mwanasheria wetu ni huyu!" meneja akacheka.

"Bosi, simu inazungushwa," nikamwambia.

"Kwa nani? Taja."

Sikumtaja mtu. Walinzi walimtoa Shimba kwa virungu. Amelazwa, jicho moja halioni. Mke wake alinifuata: "Si wewe uliyemwekea hicho kitu?" Sasa meneja anataka majina ya waliobaki.

Mdogo wako, Luhende

Nansio, 6 Mei

Luhende, salamu baadaye. Usitaje mtu. Ondoka hapo.

Dada

Mwanza, 11 Mei

Dada, shikamoo. Mama msalimie, mwambie nipo kazini.

Sikutaja. Programu nimeiondoa kwenye simu zote, na jana niliieleza ofisi ya kazi ya serikali kwamba Shimba hakukisoma kitabu kile, na kwa nini jina lake lilionekana. Nimeandikisha jina langu kuwa shahidi. Jioni walinzi walikuja nilikopanga, wakavunja mlango. Sikuwepo.

Simu ya kiwanda nimeiacha mezani, usiipige. Barua mpe Precious, yule muuza dagaa. Asipite kiwandani, ampelekee Evelina, fundi cherehani wa Buhongwa. Ukija mwenyewe, njoo mchana, peke yako. Evelina atakwambia hamjui Luhende yeyote. Usibishane naye. Kaa kwenye benchi la wateja, uvue mtandio, nikuone uso nikiwa chumba cha ndani.

Mdogo wako