Ijumaa Kahawa Ilipolia Peke Yake

Jeppestown, Johannesburg
Jumatano, mwezi wa sita

Dada yangu mpenzi Zuhura,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wanao, na kwamba mgongo wako umepata nafuu kwa kuwa humnyanyui tena mama kitandani. Mimi mwili hauna neno. Baridi ya huku imetuingia mifupani, na lile sweta ulilosema litanifanya nionekane babu nimelivaa. Naonekana babu kweli.

Uliponipigia juzi uliniomba kitu kimoja: nikuandikie kwa mkono wangu maneno aliyoniambia mama Ijumaa ile ya mwisho, neno kwa neno, rafiki yangu Vuai akija na basi akuletee kabla ya arobaini. Ulisema utayahifadhi ndani ya msahafu wake. Nimekaa na kalamu siku tatu, dada. Nivumilie nianze mbali kidogo.

Unakumbuka macho ya mama yalipopoteza nuru, akaamua mimi ndiye nikaange kahawa kwa niaba yake. Akanitumia buni mbichi za Lushoto, kilo tano, pamoja na amri zake. Kila Ijumaa baada ya sala nimpigie, wewe umwekee simu kwenye mto, mimi niweke yangu kando ya kikaango, nikaange konzi mbili. Na mwiko wake ule ule wa tangu utotoni mwetu: buni zikiwa motoni mkaangaji hafungui mdomo, maana akisema hasikii. Mwenye ruhusa ya kusema ni yeye tu. Basi alinisimulia ya mtaa mzima, nani kaoa na nani kaachika, huku sikio liko kikaangoni. Buni zikianza kupasuka, ananyamaza. Kisha anasema, "Epua." Nami najibu, "Nimeepua, mama." Hakukosea hata mara moja, naye yuko nyumbani Ngamiani na mimi niko huku. Marehemu baba ndiye aliyebeba dele la kahawa mitaani, lakini jina la kahawa ile lilikuwa la mama.

Miezi miwili nilifanya hivyo kwa uaminifu. Halafu moshi ukaniletea kesi. Chumba changu kina dirisha moja, nalo linafunguka nusu. Ignace, jirani yangu Mkongo anayelinda maduka usiku na kulala mchana, alinigongea mlango akikohoa, akaniambia, "Eish, ndugu, unatukausha kama samaki!" Mwenye nyumba naye akasema nikiendelea nitafute pa kuhamia. Ningemwambia mama ukweli, yangeisha. Nikaona vibaya kumnyang'anya kazi moja aliyobaki nayo. Basi Alhamisi moja nikakaanga mara ya mwisho, nikarekodi mlio wote kwenye simu ya pili, tangu buni zinaingia kikaangoni mpaka zinatulia.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa niliziweka simu mbili mezani, moja inatoa mlio wa kahawa, nyingine inampelekea mama. Mwanzoni nilikaa nikimsikiliza. Baadaye, kwa kuwa saa hiyo ndiyo wateja wanajaa, nikawa nashuka dukani hapo chini, ninakouza vifaa vya simu, kisha napanda mbio kuiwahi ile "Epua". Kahawa yenyewe nilinunua Randburg, imeshasagwa, nikaitia tangawizi. Vuai aliinywa akaapa kwamba huo ni mkono wa mama mtupu. Nikacheka moyoni. Sasa sicheki.

Ijumaa ile, kama ulivyoniambia baadaye, mama alikuomba utoke, ufunge mlango, ana maneno na mimi. Ukatoka. Uliporudi ulimkuta ametulia, na kahawa bado inalia kwenye mto. Ulinishukuru, dada. Ulisema afadhali mmoja wetu alikuwa naye. Kisha ukauliza kama alikutaja, na nilijua unauliza nini. Tangu ulipoliuza dele la baba ili umnunulie dawa, alikuwa anakula mkononi mwako lakini hakuiti kwa jina. Nikakujibu kwamba alikutaja na amekuachia radhi zake zote. Ukalia, ukawaambia shangazi Biubwa na majirani.

Sikuwepo, Zuhura. Nilikuwa chini namuuzia mtu chaja ya simu. Nilipopanda, mlio ulikuwa umekwisha, na nilichosikia ni wewe unaita, "Mama, mama." Maneno yake hayakusikiwa na mtu. Zile radhi nilizitunga mimi, kwa huruma na kwa woga, na siwezi kukutungia uongo mwingine ukaulaze ndani ya msahafu.

Na lipo linaloniuma zaidi. Wiki mbili kabla hajafariki, baada ya kusema "Epua", mama aliniambia nimpe pole jirani yangu, maana kila Ijumaa anakohoa mara tatu, na kila mara ni kabla tu ya buni kupasuka. Nikamjibu nitampa. Alikuwa Ignace, yumo ndani ya ile rekodi. Nadhani mama alijua. Kama alijua, basi aliendelea kusema "Epua" ili asiniaibishe, na siku ile alisema yake akijua huenda sipo.

Kama utawaambia watu au utanyamaza, uamuzi ni wako. Nami sikuharakishi kunisamehe. Vuai anakuletea buni zilizobaki, kilo tatu na ushei, bado mbichi. Zikaange wewe siku ya arobaini. Hutakuwa na wa kukuambia uepue, lakini kila Ijumaa ulikuwa kando ya mto ule. Mlio unaujua kuliko mimi.

Nisalimie wanao na shangazi, na unisomee Fatiha kaburini. Ukizitia buni kikaangoni, nipigie. Usiseme kitu, wala mimi sitasema. Nitakuwepo.

Mdogo wako,
Ishaka