Siku ya Kidonge, Siku ya Mtoto

9 Aprili

Shangazi,

Nakuamkia. Magoti yanasemaje? Na cherehani, bado inakula uzi? Sisi tupo. Kibonge ana miezi mitano, anacheka na ukuta.

Uliniambia majibu yakitoka nikuandikie. Yametoka. Kaa kwanza ndipo uendelee kusoma. Ni saratani ya damu. Daktari anasema hii ni ile ya pole pole na dawa yake ipo: kidonge kimoja kila siku, bila kuruka, pengine maisha yangu yote. Nikamuuliza nitapona lini. Akasema tuliweke kando neno kupona, tuseme kuishi nayo.

Kila miezi mitatu watachukua damu, waitume kwenye mashine iliyo mji mwingine, na mashine irudishe namba ya chembe zilizoharibika. Yangu ni tisini na mbili katika mia. Inatakiwa ishuke mpaka isionekane. Wamenichoma sindano ya nyonga, wakatoa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Hiyo sitaki kuisimulia.

Kunyonyesha basi, dawa inapita kwenye maziwa. Nimemwachisha kwa siku mbili. Alilia yeye, nikalia mimi, baba yake akatoka kwenda kukagua kitasa kisichokuwa na tatizo.

Mchukua damu wagonjwa wanamwita Mbu, na mwenyewe anaitika. Anasema yeye angalau huomba ruhusa.

Mwanao


20 Aprili

Mwanangu,

Nilikaa kama ulivyosema, nikasimama, nikakaa tena. Magoti ni yale yale, yananitangazia mvua kabla ya redio.

Kinywe hicho kidonge. Watu wa mizizi usiwasikilize, hata mimi nikianza kukutajia mzizi, nikatalie. Nakutumia gauni lenye mikono ya vifungo, Mbu wako asihangaike kukukunjia nguo.

Na Kibonge mlete kwangu mpaka upate nguvu. Nilikulea wewe na vurugu zako zote, huyo atanishinda nini?

Shangazi yako


16 Julai

Shangazi,

Habari za hapo? Gauni limenikaa vizuri, wauguzi wameuliza fundi ni nani.

Namba imeshuka. Ni tisa. Tisa, shangazi, kutoka tisini na mbili. Daktari aligonga meza kwa furaha, kisha akajikausha kama si yeye. Kwenye benchi kuna mzee mtengeneza saa, namba yake haijaonekana mwaka wa nne sasa. Aliponisikia akanishika mkono na kusema, "Karibu chamani. Ada yake ni mshipa."

Ila nimechoka. Nikinywa kidonge natapika, misuli inakaza, vidole vinagoma hata kufunga nepi. Juzi nilimkalisha Kibonge sakafuni, nikajilaza kando yake nipumzike kidogo tu. Nilipoamka alikuwa na sabuni mdomoni, na mama mkwe amesimama mlangoni. Hakunigombeza. Alisema maneno yako yale yale, nimpe mtoto mpaka nipate nguvu. Afadhali angenigombeza.

Kuhusu kumleta, tutaona.

Mwanao


30 Septemba

Mwanangu,

Kimya hiki ni cha nini? Miezi miwili na nusu. Kama kuna jambo baya, liandike vibaya hivyo hivyo, nitalisoma. Magoti hayajambo.

Shangazi yako


14 Novemba

Shangazi,

Nisamehe. Natumaini hujaugua kwa ajili yangu.

Namba imepanda. Ishirini na nane. Daktari anasema huenda ugonjwa umekizoea kidonge. Jumanne ya tarehe ishirini na sita anataka kunichoma tena sindano ya uboho, kisha anibadilishie dawa, anipe nyingine iliyo kali zaidi. Amekuwa mnyonge kama yeye ndiye amekosea.

Hajakosea. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe. Tangu siku ile ya sabuni nimegawa siku zangu. Leo siku ya kidonge, kesho siku ya mtoto. Siku ya kidonge nalala kama gunia. Siku ya mtoto sikinywi. Jioni yake mikono inarudi, nambeba, namwogesha, namwimbia, baba yake akitoka kuchomelea mageti anatukuta tunacheka. Mtoa dawa kila mwezi huhesabu vidonge vilivyobaki, kwa hiyo nilivitoa nikavificha kwenye kopo tupu la maziwa ya unga. Viko sitini na viwili. Kila mtu akaamini navinywa vyote.

Najua ni ujinga. Lakini nikisema dawa inaniangusha, watamchukua. Mama yangu alipougua ulinichukua mimi, nikiwa na miaka miwili, mpaka apate nguvu. Sisemi kwa ubaya, ulinilea vizuri. Ila alipopata nguvu mimi nilikuwa namwita yeye shangazi. Na wangu ni ugonjwa usio na siku ya kupona. Kibonge atarudi lini?

Nishauri.

Mwanao


18 Novemba

Mwanangu,

Hasira nimezitafuta nyumba nzima sikuziona.

Jumanne chukua kopo, ukalimwage mezani kwa daktari kabla hajashika sindano. Usipunguze hata kimoja. Mtu mzima anakuhangaikia na wewe umemfunga kitambaa machoni.

Sasa langu. Mama yako alikuja kukuchukua mara mbili. Mara ya kwanza ulilia, akaondoka. Mara ya pili nilimwambia umelala. Ulikuwa macho, chini ya meza ya kushonea, unapanga vifungo. Alisimama pale mlangoni akisema basi asikuamshe. Hakuja tena, na mimi sikumwita.

Kwa hiyo simchukui mtoto. Ukikubali, nitakuja mimi. Cherehani inabebeka.

Shangazi yako


27 Novemba

Shangazi,

Salama ya hapo? Ya huku ni ya kujikongoja.

Nililimwaga kopo. Vingine viliviringika mpaka chini, daktari akainama kuviokota mwenyewe. Akavihesabu viwili viwili. Akauliza nimeanza lini, nikamwambia yote, mpaka sabuni. Akafuta neno uboho kwenye faili. Akasema, "Nusura nikunyang'anye dawa inayofanya kazi." Hakupaza sauti. Sasa nakinywa kila siku baada ya kula chakula cha jioni, na maji glasi kubwa, na kuna kidonge kingine cha kuzuia kutapika ambacho kumbe ningepewa tangu mwanzo kama ningesema. Bado natapika, ila si kama kwanza. Damu watachukua tena Februari. Hakuniahidi kitu. Amesema tu ilishashuka mara moja.

Baba yake nimemwambia pia. Akauliza wewe utalala upande gani, atengeneze kitanda.

Lile la chini ya meza nimelisoma mara nyingi. Miaka yote nilijua mama hakuja kunichukua. Sijui bado niliweke wapi, na sitaki kukudanganya kwamba limepita. Njoo hivyo hivyo. Tutakuwa nalo humu ndani.

Njoo ufue, upike, ushone, unigombeze. Ila Kibonge akilia, usimbembeleze wewe kwanza. Mbebe mpaka nilipo. Hata ukinikuta nimeinamia ndoo, mbebe mpaka nilipo.

Mwanao