Stika ya Baba Mkwe na Kondoo

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba sana usinitaje jina, maana hapa Themi tunajuana na mume wangu anasoma gazeti lako kila Jumatano. Mimi ni Mchaga, nimeolewa na Mwarusha, Lemomo, huu mwezi wa tatu, na siku nilipopelekwa Nduruma kwa wakwe, baba mkwe alinipa kondoo jike, na kwao mkishapeana kondoo hamwitani tena majina, mnaitana Paker, yeye ananiita Paker na mimi namwita Paker, na nilifurahi mpaka nikalia kwa sababu baba yangu mzazi alishafariki. Basi nikawapiga picha, yeye na kondoo, picha ikatoka wote wawili wamefungua mdomo kwa wakati mmoja, macho pembeni, na mimi nikashindwa kujizuia, nikaikata nikatengeneza stika, nikaandika chini NANI KAKUULIZA? nikairusha kwenye grupu la wasichana tuliosoma pamoja, kwa ajili ya kucheka tu.

Siku ya pili stika iko mtaa wa Daraja Mbili, siku ya tatu iko Nduruma, kwenye grupu la jumuiya ya baba mkwe mwenyewe. Yeye bila miwani haoni maandishi, akajiona yuko na kondoo, akanipigia simu anacheka, "Paker, tumo kwenye simu, mimi na yule kondoo wetu. Kuna mtu katupenda." Akamwita shemeji yangu mdogo, Lemburis, amwonyeshe pa kubonyeza, na tangu hapo akawa anaituma kwa kila mtu akidhani ni salamu. Mwinjilisti anaandika kesho ni usafi wa kanisa, mzee anajibu NANI KAKUULIZA? Mtu anaandika shikamoo baba, NANI KAKUULIZA? Wiki iliyopita mama Naisiae kaandika kwamba mama yake mzazi amefariki, anaomba maombi, na mzee kwa jinsi alivyoumia akaituma mara tatu.

Sasa mama Naisiae hataki hata kumwona, mzee kasomewa yale maandishi na tangu siku hiyo hatoki nyumbani kwa aibu, na ukoo umeamua aliyetengeneza ni Lemburis, kwa kuwa ndiye aliyeshika simu. Jumamosi kuna kikao cha kumjadili, anaapa na hakuna anayemsikiliza. Na mimi baba mkwe aliponililia nilimwambia, Mungu anisamehe, "Vijana wa siku hizi, Paker, ni wa kuombea tu." Nikisema ukweli hataniita Paker tena maisha yangu yote. Nifanyeje? Nimekuambatanishia na stika ili uelewe vizuri.

Ni mimi Kandida, Themi.

MSHAURI ANAJIBU

Kandida, uliomba nifiche jina lako, kisha ukaandika la kwako, la mumeo na la mtaa. Nimeyabadilisha yote, kwa hiyo usishangae kuitwa Kandida. Kondoo tu ndiye aliyenishinda. Nilijaribu kumfanya mbuzi, habari nzima ikaharibika, na mumeo akifika kwenye kondoo atajua anasoma habari za kwake. Jibu hili nakutumia wewe kwanza kabla gazeti halijatoka, kwa hiyo usihesabu mpaka Jumamosi, una mpaka Jumatano.

Halafu, mwanangu, umeniambatanishia stika. Unalia kwamba imesambaa, na hapo hapo unaisambaza. Nimecheka, sifichi, na kidole kilishafika kwenye jina la dada yangu wa Moshi kabla sijajigundua. Nimeifuta. Ndivyo ilivyofika Nduruma, kwa vidole vya watu wazuri tu wanaotaka kucheka kidogo. Lakini ulimwomba mzee ruhusa ya kumpiga picha, au ya kumwandikia maneno ambayo hajayasema? Alikupa kondoo, ukamlipa kwa kumfanya kichekesho.

Picha nakuelewa, hata mimi nina utani wa kijinga. Nisichokielewa ni hayo maombi yako kwa "vijana wa siku hizi". Hapo hukuwa unatania, hapo ulimwangushia shemeji yako mzigo wako, kisha ukajifanya unamwombea.

Sasa sikiliza. Nenda Nduruma kesho, na usitume ujumbe wala sauti ya kurekodi, mambo haya yanasemwa kwa mdomo. Leo usiku mwambie mumeo kwanza, mwende wote. Mkifika, salimia, mwombe mzee amwite Lemburis akae, kisha sema, "Ni mimi niliyetengeneza, na nilinyamaza mkimlaumu huyu." Mzee akiuliza kwa nini, usimletee habari za mtandao. Sema ulitaka kuchekesha watu. Ni jibu la aibu, lakini ndilo la kweli. Ukitoka hapo, nenda kwa mama Naisiae kwa miguu yako, umwombe radhi na umsaidie kazi za msiba. Kisha andika kwenye lile grupu lenu la shule na kwenye la jumuiya, jina lako likiwa juu, kwamba stika ni yako na kila aliyenayo aifute. Wengine hawataifuta. Hilo utaishi nalo.

Unaogopa hatakuita Paker tena. Inawezekana, binti yangu, na sitakudanganya kwamba lazima atasamehe. Lakini sasa hivi kila akikuita hivyo unajificha nyuma ya mtoto wake. Nenda ukampe nafasi ya kuchagua mwenyewe atakuitaje, akiwa anajua anaongea na nani.