Fundo la Kila Asubuhi

4 Machi

Mume wangu mdogo, mjukuu wangu,

Hujambo huko kazini? Mgongo umepoa? Mimi mzima, ila nimefungiwa kama kuku anayeatamia. Nasemea haya dirishani, na anayeandika ni mshonaji wa jirani, huyo huyo uliyempa ufunguo. Andika hivyo hivyo, mama, usiruke!

Daktari wa kliniki alinipa kalamu, eti nichore saa. Kalamu mimi nimeishikia wapi? Nikamwambia, "Mwanangu, leta mchele nikutolee mawe, uone kama litabaki hata moja." Akaandika kichwa kimepungua. Na wewe ukaamini! Siku ile nikirudi sikupotea. Nilipita njia ndefu tu.

Dawa nameza. Kila asubuhi nikimeza kidonge, napiga fundo kwenye uzi. Shule yangu ndiyo hiyo. Mwambie mshonaji afungue mlango.

Bibi yako

15 Machi

Shikamoo mke wangu mkali,

Natumaini u mzima. Mgongo afadhali.

Bibi, hiyo njia ndefu ilikuchukua mpaka jua likazama. Ulikutwa stendi pekupeku, unamuulizia babu. Babu tulimzika nikiwa darasa la nne. Naogopa utagongwa na gari.

Lakini uzi wako nauheshimu. Chupa mpya ina vidonge thelathini. Ukiifungua, anza uzi mpya. Baadaye mshonaji ahesabu. Mafundo yakilingana na siku, afungue mlango, nami sitasema neno.

Mjukuu wako

2 Aprili

Mume wangu mdogo,

Salamu tele. Mgongo umepoa?

Tumehesabu. Siku kumi na mbili. Mafundo ishirini na matatu. Nikasema huyu mwanamke hajui hesabu, rudia. Karudia. Tukamwaga chupa: vimebaki saba. Uzi haukudanganya, baba. Nilikuwa nameza, nasahau, nameza tena.

Mshonaji alitaka kukuandikia mafundo kumi na mawili, kwa kunihurumia. Nikamwambia, thubutu! Sijawahi kumdanganya mjukuu wangu, sitaanzia dirishani. Dawa sasa anakaa nazo yeye.

Mgongo umepoa? Kumbe nimeshauliza. Basi nijibu mara mbili.

Mlango usifunguliwe. Ila ufunguo huu wa jirani siutaki, unanifanya mwizi ndani ya nyumba yangu. Njoo ufunge mwenyewe, kwa ndani, nawe ukiwemo. Njoo ningali nakujua.

Bibi yako