Paa Nililokuambia Nimeliziba

Baba,

Shikamoo. Marahaba yako ilikuwa ndefu, ya kuburuta, mpaka mtu anajiona amesalimiwa kweli. Sasa nimeiandika shikamoo yangu na karatasi imenyamaza. Basi, niendelee hivyo hivyo.

Naandika nikiwa ndani ya gari, uani kwetu Mshangano, kwenye ile meza uliyoitengeneza ikunjwe ukutani. Arobaini yako imepita. Mama anakula kidogo, lakini anakula. Baba Mdogo Damasi anakuja kila Jumapili baada ya Misa, na akija halitazami kaburi la kaka yake, anatazama juu ya gari. Anazitaka paneli. Amefungua baa kule Ruhuwiko, anataka kuonyesha video, na umeme wa mji unakatika kila watu wakishaagiza bia. Anasema gari limeoza, tushushe paneli tumpe, na bodi libaki la kufugia kuku.

Kinachoniuma ni kwamba kuhusu kuoza hasemi uongo. Limeoza. Na aliyeliozesha ni mimi.

Hilo ndilo nimekaa kukuandikia, nikalizungusha zungusha wiki nzima. Niruhusu nianze mbali kidogo, maana nikianza hapo nitaichana karatasi.

Shirika la umma ulilolitumikia lilipouzwa na wewe ukapunguzwa kazi, wenzako walinunua mashine za kusaga, wengine wakaingia kwenye mitumba. Wewe ukarudi nyumbani na basi dogo bovu la misheni, ndilo gari hili, na paneli mbili za sola za mradi wa wageni uliofungwa. Mama alikaa kibarazani akauliza, "Hii ndiyo miaka ishirini ya kazi?" Ukamjibu, "Mke wangu, si mambo yote sasa ni ruksa? Na kulala ndani ya gari ni ruksa." Nilicheka mpaka Mama akanifukuza.

Kabla hujatoboa hata tundu moja ulichora paa lote uani kwa majivu, saizi ile ile, ukiwa na futi kamba na kile kipande cha penseli sikioni. Ukachukua mikeka miwili ya Mama ikawa paneli. Ukasimamisha ndoo pale litakapokaa dirisha la hewa. Kisha ukakaa kwenye kigoda kuanzia asubuhi mpaka jioni ukiangalia kivuli cha ndoo kinavyotembea, na kila kilipougusa mkeka ulisogeza mkeka. Majirani walisimama kwenye ua wakitikisa vichwa. Walidhani kupunguzwa kazi kumekugusa akili. Siku ya pili Mama akafagia majivu yako yote, ukayachora upya bila neno.

Ulinifundisha kwamba kivuli kidogo tu, hata cha kuku, kikikaa juu ya paneli kinaangusha umeme wote. Ndiyo maana kule Namtumbo, msimu wa tumbaku, tulipozunguka vijijini kuwachajia watu betri za redio, ulikataza watu kupakia chochote juu. Wanunuzi wapya wa tumbaku walikuja na marobota yao, "Mzee, tubebee hili moja tu, paa lako kubwa." Hukukubali. Yule katekista aliyekuja na tenga la kuku ulimwambia, "Mwalimu, juu ya gari hili linapanda jua peke yake." Akanuna hadi tulipoondoka. Uliniambia pia nisimwagie maji kioo chenye joto, nioshe alfajiri kwa kitambaa laini, na kwamba paneli iinuliwe ngumi moja kutoka kwenye bati ili upepo upite chini, kwani ikipata joto inazembea kazini kama mtu mwingine yeyote.

Lakini jambo lako kubwa lilikuwa matundu. Manane, manne kila paneli. Ulisema kila tundu ni adui uliyemkaribisha mwenyewe, usimgeuzie mgongo. Kila mwaka, kabla mvua za kwanza hazijashuka, tulipanda wawili. Tulikwangua lami ya zamani kwa patasi, tukagonga, tukabadilisha vile vipande vya mpira wa tairi, tukakaza nati, tukamimina lami ya moto. Halafu mimi naingia ndani na wewe unamwaga maji juu, tundu moja moja, unaniuliza, "Vipi hapo?" Nami napitisha kidole kwenye dari nakujibu, "Pakavu." Mara nane. Mwaka mzima tulikuwa hatuna maneno matamu kuliko hayo, na sisi si watu wa maneno matamu.

Mwaka jana uliugua kabla ya lami.

Ulitaka kuugulia ndani ya gari, kwa sababu ya feni. Mama alilia, akasema watu watamsema amemtoa mumewe nje. Hukusikia. Ukalala chini ya paa lako, feni inazunguka mchana kutwa, na kila nikileta uji uliuliza, "Lami lini?" Mbingu ya Songea ilikuwa inaanza kujaa. Nikasema kesho. Nikasema Jumamosi. Ningewezaje, Baba? Kuziba paa ni kukwangua na kugonga bati saa nne nzima, na mgonjwa amelala palepale chini. Siku moja nilipanda na nyundo, nikagonga mara tatu tu, Mama akatoka jikoni mikono imejaa unga: "We Sabina, shuka! Unampigilia baba yako sanduku?" Nikashuka. Tangu hapo hata mimi kila nikiishika ile nyundo nilisikia sanduku.

Kisha ukalazwa hospitali siku mbili. Gari likabaki tupu. Sasa hapo sina pa kujificha, maana Mama mwenyewe alisema, "Haya, panda sasa." Nilipanda. Niliwasha moto, lami ikayeyuka kwenye kopo, niliibeba mpaka juu. Lakini asubuhi ile daktari alikuwa amenitoa nje ya wodi akaniambia turudi nawe nyumbani, ini limekwisha, tukuache upumzike. Nikakaa juu ya paa katikati ya paneli zako. Nikawaza, naziba mvua ya nani? Nililia mpaka lami ikaganda kwenye kopo. Nikashuka nayo.

Ulivyorudi, kabla hata hatujakulaza, ukauliza. Nikakuambia, "Nimeziba, Baba. Matundu yote manane." Ukasema, "Ulimwaga maji?" Nikasema, "Nilimwaga. Pakavu." Ukafumba macho ukatabasamu, ukasema, "Fundi wangu." Baba, lile neno linanichoma mpaka leo.

Na mvua ikaja. Siku hiyo nilikuwa nimeenda mashineni, nikaikuta njiani, ile ya mchana yenye mawe. Nilipofika nyumbani ilikuwa imekatika. Nikaingia garini, mto wako umelowa, shuka limelowa mpaka kifuani. Ulikuwa umejigeuza, kichwa kimeenda upande wa miguu. Ukasema, "Mikono yangu imekuwa ya mtoto mchanga. Nimejimwagia maji ya kunywa." Na kikombe chako cha bati kilikuwa pale pale ulipotoa kichwa, kimejaa. Kimejaa maji ya rangi ya kutu. Aliyejimwagia maji kikombe chake hubaki kitupu, Baba. Nikaangalia dari, nikaona doa limetanda kama chai. Nawe uliniona nikiangalia. Nikabadilisha foronya. Nikamwaga kikombe nje. Ukasema, "Huku miguuni kuna hewa nzuri zaidi, nitalala huku."

Ulilala huku siku nane. Mvua ilinyesha siku tano kati ya hizo. Kila mara nilikuta kikombe kimesogezwa kidogo, na kila mara ulikuwa na maelezo. Mtu uliyekuwa unamfokea mteja akikudanganya kuhusu betri, ulitumia pumzi zako za mwisho kunitungia uongo mimi, nisione aibu. Na mimi nikaupokea. Nilikuwa na siku nane za kusema, "Baba, sikuziba, nisamehe," na maneno yenyewe ni machache kuliko salamu. Sikusema. Ulikufa umegeukia miguuni mwa kitanda chako mwenyewe. Watu waliokuja kukuosha waliuliza kwa nini umelala kinyume. Nikawajibu kwamba ulipenda hewa.

Tangu uondoke sikugusa gari. Lilinyeshewa msiba mzima, na mwezi mzima baada ya msiba. Plaiwudi ya dari imevimba, ikigusika inabaki mkononi. Paneli ya nyuma imelegea. Hapo ndipo Baba Mdogo alipokuja na hesabu zake za video. Nilimtukana, nakubali, nilimtukana mtu wa kumwita baba, na Mama ikabidi aamue. Wakakubaliana mbele yangu: nilitengeneze paa. Mvua kubwa ya kwanza ikipita na ndani ni pakavu, gari na paneli ni vyangu, niende zangu Namtumbo msimu ukianza. Likivuja, paneli zinashuka. Nikasema sawa. Mdomo wangu unaujua.

Nimefanya kazi siku sita, nikivizia jua. Nimefungua paneli zote mbili mwenyewe kwa spana yako. Nimetoa plaiwudi iliyooza, nimekata mpira mpya, nimekwangua mpaka kwenye bati. Lami nimeimimina ikiwa ya moto, na nyundo nimeigonga kwa nguvu zote kwa sababu chini hapakuwa na mtu. Jana nilimwaga maji. Aliyekaa ndani ni Mama. Mama yule ambaye hakuwahi kuliingia gari hili isipokuwa kukulisha! Nilisikia sauti yake ikipanda kutoka chini, ndogo, ya kujikaza: "Pakavu." Mara nane, Baba. Tulivyomaliza hakushuka. Nilimkuta amekaa kitandani kwako, ameshika kidole chake kile alichopimia.

Hapa niliacha kalamu. Mvua imekuja, ile kubwa, sisikii hata redio ya jirani. Nimepita dari lote kwa kidole. Paneli ya mbele yote ni pakavu. Ya nyuma matundu matatu ni pakavu. La nne, lile la pembeni juu ya mto wako, linatoa tone. Si la haraka. Nimehesabu mpaka arobaini, likaja jingine. Nadhani bati lenyewe limeshaliwa na kutu pale, na lami haina cha kushika.

Mama yuko ndani ya nyumba, hajui. Baba Mdogo atakuja Jumapili, atasimama pale mlangoni na viatu vyake vya kanisani, haingii, huogopa tope. Ataniuliza tu. Jumapili jua litakuwa limekausha kila kitu. Nikimwambia pakavu atageuka aende, na paneli zitabaki juu, na mimi nitakwenda Namtumbo. Neno lenyewe nalijua kulitamka, hata sauti ya kulitamkia ninayo.

Lala salama, Baba, kichwa kiwe upande unaoutaka. Sikuziba paa lako ulipokuwa hai, na nilikutazama ukilowa. Nakuahidi jambo moja, kwa kuwa sina jingine la kukuahidi: Jumapili akiniuliza nitamjibu kabla hajamaliza swali, kisha nitamwekea ngazi achukue anachodai. Nawe nakujibu sasa, swali lako la kila tundu, "Vipi hapo?", japo nimechelewa.

Linavuja, Baba.

Mwanao,
Sabina